Tert-butili kloridi: mmenyuko ni rahisi, kuosha ndiko kazi

Kutengeneza tert-butili kloridi kunahitaji alkoholi iitwayo tert-butanoli na asidi hidrokloriki (HCl) iliyokolea, na hazihitaji hata moto. Hata hivyo wengi huishia na matone machache, na kosa huwa kwenye kuosha.

Tert-butanoli huganda karibu na nyuzi 25 za Selsiasi. Ikiganda, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu. Ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mimina mililita 10 (gramu 7.8) kwenye faneli ya kutenganishia, ongeza mililita 30 za asidi. Zungusha dakika moja bila kizibo, kisha ziba, pindua, fungua koki mvuke utoke. Tikisa dakika 15, ukifungua koki mara kwa mara.

Kasi hii inatokana na vikundi vitatu vya methili (CH3) kwenye tert-butanoli. Asidi huipa OH ya alkoholi protoni, OH inaondoka kama maji, na methili hizo hutuliza kaboni iliyobaki na chaji chanya mpaka kloridi iidake. Butani-1-oli haina msaada huo. Itikise hivyo hivyo mpaka uchoke, hutapata kitu.

Sasa tabaka. Bidhaa ina gramu 0.84 kwa mililita, hivyo inaelea. Waliozoea 1-bromobutani (1.27), inayokaa chini ya maji, humwaga la juu kwa mazoea! Ukiwa na shaka, dondosha maji: tabaka linaloyapokea ni la asidi.

Ondoa tabaka la asidi, osha bidhaa kwa mililita 10 za maji, kisha 10 za bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5. Usizibe kabla povu halijatulia. Kaboni dayoksaidi hurusha kizibo. Usitumie sodiamu haidroksaidi: inaing'oa HCl kwenye molekuli, na unachopata ni gesi ya 2-methilipropini inayokutoroka. Maji nayo huirudisha bidhaa kuwa alkoholi polepole, kwa hiyo usiiache humo ukaenda kula.

Kausha kwa kalsiamu kloridi isiyo na maji hadi ukungu uishe. Keneka kwenye bafu la maji ya moto, bila mwali, ukikusanya kati ya nyuzi 49 na 52, chupa ya kupokelea ikiwa kwenye barafu. Kikomo cha hesabu ni gramu 9.7, mimi huridhika na 7.

Kwa jaribio, matone mawili kwenye nitrati ya fedha iliyoyeyushwa katika ethanoli hutoa mashapo meupe papo hapo, ilhali 1-klorobutani husubiri ipashwe moto. Ila HCl iliyobaki hutoa mashapo hayo hayo, kwa hiyo jaribu sampuli iliyokenekwa tu.