Maziwa hayakati sumu: dhana nne tunazoishi nazo Tanga

Kwetu Tanga mtu akinywa sumu, cha kwanza kutafutwa ni maziwa. Mmoja anakimbilia dukani, mwingine anagonga mlango wa jirani. Linaniumiza kila nikilisikia, kwa sababu katika dakika hizo mgonjwa angekuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda hospitali ya Bombo.

Dhana: Maziwa hukata sumu.
Kila sumu ina mahali pake inapogonga ndani ya mwili. Chukua viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, vinavyopuliziwa mboga. Neva huuamuru msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikishafika, kimeng'enya maalumu, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, huifagia kemikali hiyo mara moja. Kiuatilifu hukinasa kimeng'enya hicho, na amri inabaki palepale: mate yanachuruzika, mboni za macho zinasinyaa kama nukta, misuli inatetemeka, kifua kinajaa makohozi. Maziwa yako tumboni, kimeng'enya kilichonaswa kiko kwenye neva. Havikutani. Tena sumu hii hupenya ngozi, kwa hiyo aliyelowa avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, na anayemwosha avae glovu. Chupa ya kiuatilifu iende naye hospitali, maana daktari mwenye atropini, dawa ya kupambana na sumu hii, anahitaji kujua anapambana na nini. Na msimtapishe. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapika, mafuta huingia mapafuni, na hatari yake kubwa iko huko.

Dhana: Muhogo mchungu ukichemka sana, sumu imekwisha.
Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sisi ni watu wa bada, ugali wa muhogo. Ndani ya seli za muhogo kuna linamarini, kemikali iliyofungia ndani yake sumu ya sianidi, na ikiwa peke yake imetulia. Kimeng'enya cha kuivunja kiko jirani tu, kwenye ukuta wa seli. Ukiukuna muhogo, ukiutwanga au ukiuloweka, seli zinapasuka, hivi viwili vinakutana, na sianidi inatoka kama gesi na kupeperuka. Lakini ukitia vipande vizima kwenye maji yanayochemka, unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Linamarini nyingi inabaki, na bakteria wa utumbo huivunja baadaye, ukiwa umeshakula. Bibi zetu waliomenya, wakaloweka siku kadhaa, wakaanika ndipo wakatwanga, walikuwa wakifanya kemia sahihi kabisa.

Sianidi ikiingia mwilini hufuata mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, ikang'ang'ania madini ya chuma yaliyo kwenye kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli. Damu imejaa oksijeni, ila seli haiwezi kuitumia. Sianidi ikiwa kidogo, mwili huigeuza kuwa thayosianati kwa kutumia salfa itokanayo na protini, ikatoka kwa mkojo. Kwa hiyo kipande cha samaki pembeni ya bada kina kazi kubwa kuliko kitoweo. Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu ulioandaliwa haraka, protini ikiwa haba, na baadhi yao wakapooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na ulemavu wake ni wa kudumu.

Dhana: Mkaa usio na moshi hauna madhara.
Baridi ya Lushoto ikibana, jiko huingizwa chumbani na madirisha yakafungwa. Mkaa uliokolea wekundu, bila hata uzi wa moshi, bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina viti vinne vya oksijeni. Gesi hii huving'ang'ania kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni uchovu, analala. Ukimkuta hivyo, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali akapewe oksijeni.

Dhana: Samaki bunju akiiva vizuri ni salama.
Moto wa jikoni hauiharibu tetrodotoksini, sumu ya bunju. Sumu hii huziba milango ya sodiamu kwenye neva, na amri hazipiti: midomo inakufa ganzi, kisha mikono, mwisho misuli ya kupumua. Dawa ya kuikata haipo. Anayepona ni aliyesaidiwa kupumua mpaka mwili ukaitoa wenyewe. Na muda huo wote, hata akiwa hawezi kupepesa jicho, mara nyingi akili yake iko timamu. Njiani zungumza naye, mwite kwa jina. Anakusikia.