Je, timu iliyo nyuma mechi tatu kwa moja imekwisha?

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu wa Marekani huamini kuwa timu ikishafungwa mechi tatu kwa moja katika hatua ya mtoano, basi imekwisha. Imani hiyo ina msingi. Atakayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga mbele, hivyo aliye nyuma anatakiwa kushinda tatu mfululizo bila kuteleza hata mara moja.

Lakini ngumu si sawa na haiwezekani. Chukua sarafu uirushe mara tatu: uwezekano wa kupata upande uleule uliouchagua mara zote ni 1 kati ya 8. Kwenye kikapu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu anayeongoza mara nyingi ndiye bora.

Mimi ni shabiki wa timu ya Denver, na mwaka 2020 niliona ikitoka nyuma tatu kwa moja mara mbili katika msimu mmoja, kwanza dhidi ya Utah, kisha dhidi ya moja ya timu za Los Angeles. Katika mechi ya sita ya raundi hiyo ya pili ilikuwa nyuma kwa pointi 19, ikashinda! Mwaka 2016 Cleveland nayo ilifanya hivyo kwenye fainali yenyewe.

Ukitaka kuhakiki, matokeo ya miaka yote yako wazi kwenye intaneti. Hesabu kila timu iliyofikia tatu kwa moja, pamoja na zile zilizotolewa kimyakimya, maana kumbukumbu zetu hushika maajabu tu.