Je, Wajua Kwa Nini Mikono Iliyooshwa Mara Kumi Bado Haijawa Safi?

Mwezi wa nne mwaka 2020, nyumbani kwetu Migosi, Kisumu, noti za shilingi zilianikwa kwenye kamba kama soksi. Mdogo wangu wa kike, wakati huo yuko kidato cha nne na shule zimefungwa, alizisugua kwa sabuni ya kipande, akazisuuza, akazibana kwa vibanio. Sisi tukacheka. Jirani alipita akasema huyu msichana amelelewa. Kufikia mwisho wa mwezi, mitungi mitatu ya maji tuliyozoea kununua ilikuwa imekuwa saba kwa siku, na ngozi ya vidole vyake ilipasuka kiasi kwamba akishika chumvi anafumba macho.

Alikuwa na OCD. Ni ugonjwa wa akili wenye sura mbili: mawazo yanayojileta bila kualikwa, na vitendo ambavyo mtu anahisi lazima avifanye ili hofu ya yale mawazo ishuke. Si wote wanaonawa. Wengine hurudi mlangoni mara nane kuangalia kama kufuli limefungwa, wengine huhesabu, wengine huwa na mawazo machafu kuhusu Mungu au kuhusu kumdhuru mtoto wao wenyewe, na hao ndio huteseka kimyakimya kuliko wote maana nani atayasema? Hukumba watu wapatao wawili katika kila mia, na mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Daktari hutazama, pamoja na mambo mengine, kama vitendo hivyo vinakula zaidi ya saa moja kwa siku. Mdogo wangu alikuwa amepita hapo kabla ya chai ya saa nne.

Lakini nani angetambua? Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, agizo la kufunga shule likatoka siku mbili baadaye, kafyu ikaanza tarehe 27. Kuanzia Kondele hadi Kibuye kila duka liliweka ndoo yenye mfereji mlangoni. Hata ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa chini ya shilingi 1,000 iliondolewa ili watu wapunguze kushikana noti. Kwa hiyo mdogo wangu alipoanika noti, alikuwa raia mwema. Ugonjwa ulijificha ndani ya sheria.

Sasa swali lenyewe: kama tatizo ni uchafu, na maji na sabuni huondoa uchafu, kwa nini hofu yake haikuisha pale mferejini?

Neno letu la Kiswahili linajua kitu hapa. Leo tukisema wasiwasi tunamaanisha hofu tu ya kawaida, lakini asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kunong'ona. Anayesoma Suratun-Nas, sura ya mwisho ya Kurani, hujikinga na mnong'onezi anayenong'ona kisha akajificha. Wanazuoni wa Kiislamu walishamzungumzia sana mtu anayetawadha, akaingiwa na shaka, akarudia, akatia shaka tena, mpaka sala ikampita. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyaandika mawazo ya namna hiyo kama maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba. Kunong'ona ni picha sahihi kuliko maneno mengi ya kitabibu: sauti ni yako, ila hukuiita.

Na mnong'ono wenyewe kila mtu anao. Mwaka 1978 watafiti wawili wa London, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wazima wenye afya kama hupata mawazo ya ajabu yasiyotakiwa, na takriban 80 kwa mia wakakubali. Umesimama kando ya barabara, wazo linapita: je, nikimsukuma huyu? Wengi wetu tunashtuka, tunaendelea na safari ya matatu. Mwenye OCD hawezi kuliacha lipite. Kwake wazo ni ushahidi, au onyo, na akilipuuza kisha jambo likatokea, lawama ni yake. Mdogo wangu hakuogopa kufa kwa korona hata kidogo. Aliogopa kumuua Dani, nyanya yetu, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kutibiwa macho na kafyu ikamkuta kwetu.

Chukua mfano wa mbwa wa jirani anayebweka mlangoni. Unamtupia mfupa ili aondoke. Anaondoka kweli, unapumua. Ila umemfundisha mahali pa kuja kesho. Kunawa ndiko huo mfupa. Hofu inapanda, unanawa, inashuka kwa dakika chache, na ubongo unaandika: tumenusurika kwa sababu tulinawa. Haupati kamwe nafasi ya kugundua kwamba hofu ingeshuka yenyewe hata bila maji. Ndiyo maana kunawa mara kumi kunazaa mara ya kumi na moja.

Sehemu ninayoona aibu kuiandika ni yetu sisi wengine. Mfupa tuliutupa pia. "Mama, nimenawa vizuri?" "Umenawa, mwanangu." Dakika tano: "Mama, hata kidole gumba?" Jioni moja niliamua kuhesabu, nikafika 31 kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, na kila mara Mama alijibu kwa upole uleule. Baba alikuwa akivulia nguo za kazi nyuma ya nyumba kwenye giza. Mimi nilipokezwa kazi ya kumfungulia mdogo wangu milango. "Dada, uko na hakika hukushika kitasa?" Nilisema nina hakika hata nilipokuwa nimekishika, mradi tulale. Wataalamu wa OCD wanaliona hili katika familia nyingi sana: nyumba nzima inaanza kuishi kwa ratiba ya ugonjwa, kwa mapenzi kabisa, na kadiri inavyousaidia ndivyo dalili zinavyokaza. Jibu la Mama lilikuwa sabuni ya aina nyingine.

Ugonjwa huu pia hufuata habari za wakati wake. Zamani madaktari waliwaona wagonjwa waliohofia kaswende. Miaka ya 1980 hofu ikahamia Ukimwi, na kwa watu wa kanda yetu ya ziwa hilo halihitaji maelezo. Korona ilikuja na kitu cha ziada, yaani amri halali ya kunawa. Si kila mwenye OCD alizidiwa wakati ule. Wapo waliokaa kama walivyokuwa. Walioteseka zaidi mara nyingi ni wale ambao hofu yao tangu mwanzo ilikuwa ya uchafu na maambukizi.

Kinachouma ni kwamba zile noti hazikuwa hatari kubwa. Kufikia Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria kwamba kugusa kitu chenye virusi vya korona kuna uwezekano wa kuambukiza chini ya mara moja kwa 10,000. Hewa ya chumba kilichofungwa ndiyo ilikuwa ya kuogopwa. Sisi tulifunga madirisha ili vumbi lisiingie.

Tulimpeleka kliniki ya afya ya akili mjini mwaka 2020 kabla ya Krismasi, baada ya mwalimu wake kuona vile vidole. Nilitarajia dawa ya usingizi na maombi. Daktari alimpa fluoksetini, dawa ya kundi linalotumika pia kwa sonona, akatuonya kwamba kwa OCD huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuihukumu. Kisha akatueleza tiba ya pili, ambayo ni kuikabili hofu huku ukijizuia kufanya kile kitendo. Ilianzia London mwaka 1966 kwa Victor Meyer, aliyekuwa na wagonjwa wawili walioshindikana. Mmoja wao alikuwa mtu wa kunawa, na hata mifereji ya chumbani kwake ilifungwa. (Kwetu Migosi mifereji hufungwa bila msaada wa daktari, na mtu akanunua mitungi.) Tiba hiyo siku hizi haimnyang'anyi mgonjwa maji kwa nguvu, hupanda ngazi moja moja, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayekubali ngazi.

Na inagusa ubongo wenyewe. Mwaka 1992 watafiti wa Los Angeles walipiga picha za ubongo kabla na baada ya matibabu. Sehemu moja ya ndani, inayoshirikiana na ile iliyo juu ya macho kupima kama jambo limekamilika, ilikuwa imepunguza kasi kwa wagonjwa waliopona, waliomeza dawa na waliofanya mazoezi ya kuikabili hofu tu vilevile.

Wakati wa korona mazoezi yenyewe yalihitaji akili. Huwezi kumwambia mtu ashike vyuma vya matatu kisha ale bila kunawa, na watu wanaugua kweli. Daktari aliweka mpaka: sekunde 20, ukitoka nje, kabla ya kula, baada ya choo. Basi. Nje ya hapo, hapana. Mama alipewa sentensi moja ya kujibu: "Hilo ni swali la wasiwasi, sitalijibu." Siku ya kwanza alilia yeye kabla ya binti yake.

Ngazi ya juu kabisa ilifika katikati ya mwaka 2021, Dani akiwa ameshachanjwa. Mdogo wangu alishika kitasa cha mlango wa mbele kwa viganja vyote viwili, kisha, bila kunawa, akammiminia Dani chai, akampelekea. Akarudi akasimama nyuma ya pazia la jikoni, mikono imening'inia kama si yake, mimi nimeshika saa. Alijipima hofu kwa alama kama alivyofundishwa: tisa juu ya kumi. Dakika ya kumi, tisa. Dakika ya ishirini na tano, saba. Dakika ya arobaini alikuwa amefika nne, na tukasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Nyinyi wasichana," Dani akaita, "hii chai mmesahau sukari."