Je, wajua kwa nini Disneyland ya zamani huikuti Disneyland, unaikuta kwenye majarida?

Ninalo toleo la National Geographic la Agosti 1963. Nililikuta kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, limebanwa kati ya vitabu vya hesabu vya sekondari na kamusi isiyo na jalada. Ukingo wake wa njano umechubuka na mgongo umeanza kuachia, lakini ukifungua ndani utadhani wino umekauka jana. Humo kuna makala ndefu kuhusu Walt Disney na bustani yake ya burudani iliyoko Anaheim, California. Muuzaji alinipa kwa bei ya chapati mbili, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba anaona amenipiga.

Asichokijua ni kwamba Marekani kuna watu wazima na akili zao wanaohangaika kutafuta majarida ya namna hiyo: Life, Look, Collier's, Saturday Evening Post. Habari zilizomo hawana haja nazo. Wanatafuta picha ya roketi fulani, au ukurasa wa tangazo la kampuni ya mafuta wenye vigari vya watoto. Na wengi wao walizaliwa baada ya vitu hivyo kubomolewa. Sisi nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa, ila hapa kuna kioja: hawa wanazililia zilipendwa za bustani ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Tena bustani yenyewe ipo mpaka leo, inajaa watu kila siku. Kwa nini wasiende tu?

Jibu linaanzia kwenye ile roketi.

Disneyland ilifunguliwa Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, kwenye ekari 160 zilizokuwa mashamba ya michungwa. Sehemu yake moja iliitwa Tomorrowland, yaani Nchi ya Kesho, na ilikusudiwa kuonyesha dunia itakavyokuwa mwaka 1986, mwaka ambao nyotamkia ya Halley ingeonekana tena. Hapo ilisimama roketi nyeupe yenye michirizi myekundu, kimo chake mita 23 hivi, ubavuni imeandikwa TWA, jina la shirika kubwa la ndege la enzi hizo. Watu waliingia kwenye ukumbi wa duara wenye skrini mbili, moja sakafuni na nyingine darini. Ya chini iliwaonyesha dunia ikididimia, ya juu ikawaonyesha mwezi ukisogea. Kumbuka kwamba hapo hata satelaiti ya kwanza ilikuwa haijarushwa. Sputnik ya Warusi ilikuja Oktoba 1957.

Disney aliyatoa wapi mambo ya safari za mwezini? Aliyatoa jaridani. Tarehe 22 Machi 1952 jarida la Collier's lilianza mfululizo wa makala kuhusu binadamu kwenda angani, na mwandishi wake mkubwa alikuwa Wernher von Braun, yule Mjerumani aliyeunda makombora ya V-2 wakati wa vita, kisha akachukuliwa na Wamarekani. Michoro ya Chesley Bonestell ilikuwa na uhakika wa picha ya kamera: kituo cha angani chenye umbo la gurudumu, vyombo vya kutua mwezini, dunia ya buluu ikionekana kwa chini. Ward Kimball, mmoja wa wachoraji wa Disney, akaisoma, akampelekea bosi wake wazo. Von Braun akaitwa, na tarehe 9 Machi 1955, miezi minne tu kabla ya bustani kufunguliwa, Wamarekani wakamwona kwenye televisheni, katika kipindi cha Disney, akiwaeleza jinsi safari itakavyokuwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya Nchi ya Kesho ilianza kuishi kwenye karatasi, ikasimamishwa kwa chuma na zege, kisha majarida yakaja kuipiga picha na kuirudisha kwenye karatasi. Ndiyo maana ukiikuta humo inaonekana iko nyumbani.

Halafu kuna suala la fedha. Ujenzi uligharimu kama dola milioni 17, na Disney peke yake hakuwa nazo. Kituo cha televisheni cha ABC kikaweka mtaji. Kampuni ya uchapaji ya Western, iliyokuwa ikichapa vitabu vya watoto na katuni za Disney, nayo ikanunua hisa. Yaani wachapaji walikuwa miongoni mwa wenye bustani! Pengo lililobaki likazibwa na wadhamini. Monsanto wakapewa ukumbi wa kemia, Kaiser wakaonyesha maajabu ya alumini, Richfield wakapata vigari vya watoto viendavyo kwa petroli, Crane wakaleta bafu la kesho. Ndiyo, bafu. Watu walitoka mbali na familia zao, wakapanga mstari kutazama sinki. Kwenye barabara kuu ya kuingilia kulikuwa hata na duka la sidiria, limewekewa sanamu ya mchawi inayosema, kazi yake kueleza historia ya nguo za ndani. Duka hilo halikufikisha mwaka, na sijui nani alishangaa.

Kampuni hizi zilizolipia nafasi ndani ya bustani ndizo hizohizo zilizokuwa zikinunua kurasa za matangazo majaridani. Ukishatoa fedha yako kujenga kitu Disneyland, utakosaje kukitia kwenye tangazo? Matokeo yake, jarida la miaka hiyo lina Disneyland ya aina mbili: ya mwandishi, iliyo kwenye makala, na ya mdhamini, iliyo kurasa za pembeni karibu na sigara na friji. Wakusanyaji wazoefu hukimbilia hii ya pili. Mpiga picha wa jarida alitafuta kasri la bustani, watoto na puto. Mwenye tangazo alitaka ionekane bidhaa yake, kwa hiyo akatuachia picha za vile vidude vidogo ambavyo hakuna mwandishi angepoteza filamu yake kwa ajili yavyo.

Lakini fedha ya mdhamini ina mwisho wake. Mkataba ukiisha, kibanda kinaondoka. TWA iliacha udhamini wa roketi mwaka 1962, roketi ikapakwa jina la Douglas, kampuni ya kuunda ndege, kisha ikaondolewa kabisa kabla Nchi ya Kesho haijajengwa upya mwaka 1967. Walt Disney mwenyewe alikuwa akisema bustani yake haitamalizika kamwe, na wenzake wakalichukua neno hilo kwa uzito. Vile vijitabu vya tiketi zenye herufi, kuanzia A ya michezo ya watoto wadogo hadi E iliyoongezwa mwaka 1959 kwa michezo mikubwa, vilifutwa mwaka 1982. Magari ya kuning'inia kwenye waya yaliyoanza 1956 yalisimamishwa 1994. Nyambizi za 1959 zilifungwa 1998, zikarudi baadaye zikiwa na hadithi nyingine. Ukienda leo kuitafuta bustani ya 1960 utaonyeshwa mahali ilipokuwa.

Karatasi nayo imetusaidia. Gazeti la kila siku huishia kufungia maandazi, na lisipofungia maandazi hugeuka njano lenyewe, kwa sababu karatasi yake hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa zikiwa bado na lignini, kitu kinachobadilika rangi kikipata mwanga na hewa. Majarida ya picha yalitumia karatasi iliyopakwa udongo mweupe laini, ndiyo maana inang'aa na wino haunyweki ndani. Picha zenyewe nyingi zilipigwa kwa filamu ya Kodachrome ya Kodak, iliyoingia sokoni mwaka 1935. Ilikuwa na usumbufu mkubwa wa kusafisha, lakini rangi zake zikihifadhiwa gizani hukaa miaka mingi. Linganisha na picha za rangi za studio za miaka ya sabini zilizoko kwenye albamu ya nyumbani kwenu, ambapo shangazi na ukuta nyuma yake wote wameshakuwa wekundu. Maabara ya mwisho duniani ya kusafisha Kodachrome, iliyoko Parsons, Kansas, ilipokea filamu za mwisho Desemba 2010.

Kwa hiyo ule wekundu wa michirizi ya roketi, ile buluu ya anga la California inayokaribia kuwa zambarau, ni kazi ya filamu kama ilivyo kazi ya mahali penyewe. Mtu anayesema "zamani rangi zilikuwa rangi" anaisifu Kodak bila kujua.

Tena majarida hayakupiga kila kitu. Siku ile ya ufunguzi Julai 1955 ilikuwa balaa. Tiketi za kughushi ziliingiza maelfu ya watu wasiotarajiwa, joto likawa kali hadi lami iliyomwagwa karibuni ikalainika na visigino vya akina mama vikazama. Mgomo wa mafundi bomba ulimlazimisha Disney kuchagua amalize vyoo au mabomba ya maji ya kunywa, akachagua vyoo. Watu wakapata kiu kweli kweli. Hayo yamebaki kwenye masimulizi ya waliokuwepo, lakini hakuna anayenunua jarida kukumbuka kiu.

Na kuna kubwa zaidi ya kiu. Ukipekua matangazo ya burudani ya miaka hiyo utakutana na baba, mama, mvulana na msichana, wote weupe, ukurasa baada ya ukurasa. Aprili 1963, Martin Luther King akiwa jela Birmingham aliandika barua ambamo anaeleza uchungu wa kumwambia binti yake wa miaka sita kwamba bustani ya Funtown, aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni, haiwapokei watoto weusi. Na tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, siku King alipohutubia umati mjini Washington, bustani ya Gwynn Oak nje kidogo ya Baltimore ilifungulia weusi milango yake kwa mara ya kwanza, baada ya maandamano na watu kukamatwa kwa mamia. Mtoto mweusi wa kwanza alipandishwa kwenye farasi wa mbao wanaozunguka, bado hajatimiza mwaka mmoja. Mashine ile ya farasi baadaye ilinunuliwa na kuhamishiwa Washington, kwenye uwanja wa Mall, eneo lilelile King alipohutubia. Jarida langu ni la mwezi huohuo wa Agosti. Kila nikiliona rafuni linanikumbusha hivyo viwili kwa pamoja, kasri na ule mlango uliofungwa.

Nirudi kwa hawa wanaokumbuka wasichokiona. Neno walilonalo Wazungu kwa hamu hii, nostalgia, lilibuniwa mwaka 1688 na daktari kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, likiwa jina la ugonjwa: askari na wanafunzi walio ugenini walikonda kwa kutamani kwao. Kwa hawa wa majarida nadhani ugonjwa ni mwingine. Wanakitamani kile walichoahidiwa wazazi wao. Tangazo la roketi ya TWA halikusema "tazama tulivyo", lilisema "1986 utapanda hii". Mwaka 1986 ukafika, Halley ikapita, chombo cha Challenger kikalipuka angani Januari na wanaanga saba, na TWA haikumpeleka mtu mwezini. Mwaka 2001 shirika lenyewe likamezwa na American Airlines.

Majarida nayo yalikuwa yameshatangulia. Collier's lilikufa Januari 1957, Saturday Evening Post likafungwa 1969, Look 1971, na Life la kila wiki likatoa toleo lake la mwisho Desemba 1972. Matangazo yalikuwa yamehamia kwenye televisheni, chombo kilekile Disney alichokitumia kuijenga bustani yake.

Zipo bustani ambazo hazina hata pa kuonyeshwa. Freedomland ilifunguliwa Bronx, New York, Juni 1960, ikiwa na umbo la ramani ya Marekani, na ndani yake moto mkubwa wa Chicago ukiwashwa na kuzimwa kila siku, wageni wakiitwa kusaidia pampu. Ilikufa 1964. Hapo sasa yapo maghorofa ya makazi ya Co-op City, na anayetaka kuiona Chicago ikiungua sharti atafute karatasi.

Disneyland imebakisha kitu kimoja. Mwaka 1957 Monsanto walijenga humo Nyumba ya Kesho, ya plastiki tupu iliyotiwa nyuzi za kioo, mabawa manne yakitoka kwenye nguzo ya katikati, ndani ina oveni ya maikrowevu na simu ya kuonana sura. Miaka kumi baadaye wakaamua kuibomoa. Kazi ilipangwa iishe siku moja. Wakaleta tufe la chuma la kubomolea, likabamiza ukuta, likadunda kama mpira. Iliwachukua wiki mbili kuikata na kuinyofoa kipande kwa kipande. Msingi wa zege ulipowashinda wakauacha palepale, wakaupaka rangi ya kijani ufanane na majani. Bado upo, kwenye kibustani cha maua karibu na kasri, na foleni ya watoto wanaokwenda kupiga picha na Tinker Bell, mhusika wa katuni za Disney, hupita kando yake.