"Hakuna aliyepigwa, basi hakuna vurugu"

Kauli hiyo husikika kila uchaguzi, Mwanjelwa hadi Mafinga. Si kweli. Mgombea mwanamke anaweza kung'olewa kwenye kinyang'anyiro bila kuguswa hata unywele: anaitwa malaya jukwaani, anadaiwa rushwa ya ngono ili jina lipite, au mume anatishiwa na wenzake mpaka amkataze kutoka. Mwangalizi wa uchaguzi anayesubiri damu hayaoni hayo, na hesabu yake itasoma sifuri.

Kosa kubwa zaidi ni kuanza kurekodi matukio kampeni zinapoanza. Wengi huumizwa mapema, wakati wa kura za maoni ndani ya chama, kwa hiyo daftari la matukio lifunguliwe hapo.

Ukiandika "alitukanwa", umepoteza ushahidi. Andika maneno yenyewe, hata yakikukera: "Uyole, stendi, saa 10 jioni, kijana mwenye kipaza sauti: 'Rudi jikoni.'" Ongeza kilichofuata. Je, aliendelea na mkutano? Alijitoa? Hapo ndipo madhara yanapoonekana. Tafuta shahidi wa pili asiyesimulia alichosikia kwa wa kwanza, maana tukio moja likizunguka WhatsApp huhesabiwa matatu.

Matusi ya mtandaoni yapige picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti, usiisambaze. Aliyejeruhiwa achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kama lipo. Jina lake usilipeleke popote bila ridhaa yake. Mji wa Tukuyu ni mdogo, hata kutaja kata kunatosha kumtambulisha.