Kabla mtoto hajakiri kosa la ngono, ulizeni habari ya rejista

Mama mmoja wa kutoka Kivu (nimebadilisha vitu vichache asijulikane) alinishika mkono kwenye korido ya mahakama ya watoto hapa Ohio, Marekani, akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana akikubali kosa leo, sura yake itawekwa kwenye simu za watu?" Alikuwa anauliza rejista, yaani orodha ya serikali ya watu waliofanya makosa ya ngono. Hizi kesi nimezifanya miaka mingi na hilo ndo swali la kwanza kabisa, ila wazazi wetu wengi wanakuja kuliuliza mtoto ameshakiri na jaji ameshaandika.

Kinachoangaliwa mwanzo ni umri, na sio umri wa leo, ni umri siku kosa lilipotokea. Ohio kama alikuwa hajafika miaka 14, hasajiliwi. Kama alikuwa na 14 au 15 na hana kosa lingine la ngono nyuma, jaji ndo anaamua, anaweza kumsajili na anaweza kumwacha. Akiwa 16 au 17 jaji hana ujanja, lazima amsajili, kinachobaki mikononi mwake ni daraja tu, yaani atakaa kwenye rejista miaka mingapi na ataripoti mara ngapi.

Sasa watoto wetu waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wengi karatasi zao zinasema wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakukuwa na cheti na mtu akajaza tu, na hiyo tarehe ya kubuni ndo inamfuata mtoto mpaka kizimbani. Miezi michache ya makosa inamtoa 15 inampeleka 16, yaani inamnyang'anya jaji uamuzi wote! Kwa hiyo cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, daftari la shule ya kambini, chochote kile, mpeni wakili mapema, msisubiri aulize.

Daraja ziko tatu. Ya kwanza ni miaka 10, anaripoti kwa sherifu mara moja kwa mwaka, ya pili miaka 20 kila siku 180, ya tatu maisha, kila siku 90. Na haiishi akifika 21 eti kwa vile mahakama ya watoto haimhusu tena, hapana, inaendelea, na akiacha kuripoti hilo ni kosa jipya. Ila kwa mtoto daraja halifuati jina la kosa kama kwa mtu mzima, jaji anapima mwenyewe, ndo maana ripoti ya tiba ina uzito mkubwa sana. Akimaliza programu aliyopangiwa na mahakama jaji lazima aangalie upya, anaweza kumshusha daraja, na yule aliyesajiliwa kwa hiari ya jaji anaweza hata kutolewa.

Kuhusu picha, mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Ohio, kwenye kesi ya kijana aliyekuwa na miaka 15 inayoitwa In re C.P., ilifuta sheria iliyokuwa inawaweka baadhi ya watoto kwenye rejista ya wazi, inayoonekana na kila mtu, maisha yote bila jaji kuamua. Lakini kesi ikihamishiwa mahakama ya watu wazima, hayo niliyosema yote hayahesabiki. Na mkihama kwenda Texas au Iowa kufuata kazi ya viwanda vya nyama, muulizeni wakili kabla ya kufunga mizigo, kila jimbo lina sheria yake.

Simsahau mtoto aliyeumizwa, mara nyingi ni binamu wa nyumba hiyohiyo, naye anahitaji tiba na kulindwa, na wazazi ni walewale wanaolia pande mbili.

Yule mama tuliomba kesi isogezwe wiki mbili. Shemeji yake aliyeko Goma akatuma picha ya cheti cha ubatizo kwa WhatsApp, na kumbe kijana siku ile alikuwa bado ana 15. Jaji atasikiliza suala la usajili mwezi ujao.