Pima hewa inayoingia kwanza: vihisi joto na skrini kwenye kompyuta ya kuunga mwenyewe

Mtu akitaka kuongeza vihisi joto kwenye kompyuta aliyoiunga, mawazo hukimbilia kwenye prosesa. Huko hakuna haja. Prosesa ina vihisi vyake ndani kabisa, kadi ya grafiki ina vyake, SSD ya NVMe inacho, hata RAM za DDR5 zinacho. Kihisi kinacholipa ni kile ambacho hakuna kifaa kitakupa: joto la hewa inayoingia kwenye kesi, yaani kasha la kompyuta. Cha pili ni cha hewa inayotoka. Ukiwa na hivyo viwili vilivyofungwa vizuri, vingine vyote ni mapambo.

Prosesa ikisoma nyuzi 78, umejua nini? Saa nane mchana chumba cha paa la bati lisilo na dari pale Igoma, Mwanza, kinaweza kuwa na nyuzi 31, na usiku uleule kikashuka hadi 23. Prosesa nayo itapanda na kushuka nyuzi nane bila chochote kuharibika. Toa joto la hewa inayoingia ndipo utabaki na namba inayoisema mashine yenyewe badala ya bati.

Joto la hewa inayotoka ukilipunguza kwa la inayoingia, unapata kitu kitamu zaidi, yaani kiasi cha hewa kinachopita ndani. Kompyuta inayokula wati 300 na kupandisha joto la hewa kwa nyuzi 10 inapitisha, huku Mwanza, karibu mita za ujazo 0.029 kwa sekunde, sawa na futi za ujazo 61 kwa dakika, ile CFM inayoandikwa kwenye maboksi ya feni. Dar es Salaam kazi hiyohiyo ingefanywa na futi 53 hivi. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu. Ukiona mtu wa pwani mwenye kesi na feni kama zako anapata namba nzuri kuliko zako, usikimbilie kubadili pesti ya prosesa.

Hesabu hiyo inafanya kazi pia kinyumenyume. Wati zikiwa zilezile, tofauti ikatoka 10 ikafika 15, hewa inayopita imepungua kwa theluthi moja. Kwa kawaida ni chujio la mbele. Mwanza chujio halizibwi na vumbi peke yake: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi hufuata mwanga usiku, na kesi yenye feni za taa za rangi karibu na dirisha ni mwaliko tosha. Wakinasa kwenye wavu, vumbi linapata pa kushikia.

Kihisi gani

Viko vya aina mbili vinavyofaa. Cha kwanza ni NTC ya omu 10,000, punje ndogo yenye waya mbili ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda. Haina chanya wala hasi. Kama mazabodi yako ina pini mbili zilizoandikwa T_SENSOR (bodi nyingi za ASUS za daraja la kati na juu) au EC_TEMP (baadhi za Gigabyte), chomeka hapo na kazi imekwisha: BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, inaisoma, na unaweza kuzifungamanisha feni nayo bila programu yoyote. Kama nafasi ni moja tu, iwe ya hewa inayoingia. Kwa wenye kupoza kwa maji, iwe ya maji.

Aina ya pili ni DS18B20, inayotoa namba moja kwa moja kidijitali. Usahihi wake ni nusu digrii juu au chini kati ya nyuzi −10 na 85, na unaweza kuning'iniza kadhaa kwenye waya mmoja wa data kwa sababu kila moja ina anwani yake. Inahitaji rezista ya omu 4,700 kati ya data na chanya, na ikiwa kwenye usahihi wa juu huchukua hadi milisekunde 750 kutoa jibu. Kwa hewa hiyo si tatizo. Tatizo ni kwamba bandia zimejaa, na baadhi zinapishana na halisi kwa digrii kadhaa.

Kwa NTC kuna mtego mwingine. Omu 10,000 ni ukinzani wake ikiwa nyuzi 25 tu. Unavyobadilika kutoka hapo hutegemea namba iitwayo beta, na sokoni zipo hasa mbili: 3435, iliyozoeleka kwenye vifaa vya kupozea kompyuta kwa maji, na 3950, iliyozoeleka kwenye pakiti za Arduino, zile bodi ndogo za kielektroniki za kujiprogramia. Ukifunga ya 3950 mahali panaposubiri 3435, kwenye nyuzi 25 zitakubaliana kabisa, kwenye 40 utasomewa 42.4, na kwenye 60 utasomewa 66. Ndiyo maana kosa hili halionekani mtu akijaribu mezani. Linajitokeza mashine ikipata moto, na mtu anaanza kulaumu feni.

Barafu ndiyo mizani

Kabla ya kufunga chochote, pima. Chukua barafu ya maji safi ya kunywa (ile ya kuhifadhia samaki pale mwaloni acha, uchafu na chumvi hushusha joto lake chini ya sifuri), iponde iwe chengachenga, jaza kikombe, kisha ongeza maji ya baridi kidogo tu ya kujaza mianya. Ikielea ndani ya maji mengi, umeweka maji kupita kiasi. Koroga, subiri dakika tano, zamisha kihisi katikati bila kugusa kikombe. Kama punje iko uchi, ivalishe kwanza mpira wa kusinyaa kwa moto au kimfuko chembamba cha plastiki. Ikilowa, maji nayo yanapitisha umeme na mita itadanganya.

NTC ya 3950 itasoma kwenye mita karibu omu 33,000. Ya 3435 itasoma karibu 28,000 au chini kidogo. Hapo umejua beta bila kumuuliza muuzaji. DS18B20 isome sifuri, ikisoma 0.4 andika 0.4 kwenye programu iwe ya kutolewa; ikisoma 3, itupe.

Maji yanayochemka usiyatumie kama ndiyo nyuzi 100. Kwa mwinuko wa Mwanza yanachemka kwenye 96 hivi. Mtu akisahihisha kihisi kizima kwa kukilazimisha kisome 100, ameshakiharibu kwa nyuzi nne kwa mkono wake. Barafu inatosha, kwani hewa ya kesi haifiki hata 60.

Kufunga

Kihisi cha hewa inayoingia kining'inie hewani, sentimita moja au mbili nyuma ya chujio, mbele ya feni. Kisiguse bati la kesi, maana bati lina joto lake. Kisikae mbele ya kitovu cha feni, kwa sababu hapo hewa haipiti na mota ina moto wake. Njia rahisi ni kufunga waya kwenye kona ya fremu ya feni kwa zip tai, ukaacha sentimita tatu za mwisho zielekee ndani hadi usawa wa katikati ya urefu wa bawa moja la feni. Hakikisha feni haizifikii: izungushe kwa kidole kwanza, kisha iwashe kwa kasi ya juu, maana upepo huvuta waya.

Cha kutokea kifungwe vivyo hivyo kwenye feni ya nyuma, upande wa ndani. Kama hewa inatokea pia juu, namba ya nyuma peke yake haitoshi kwa ile hesabu ya CFM. Bado inafaa kujilinganisha na mwezi uliopita.

Ukibandika kihisi juu ya chuma, mfano mgongo wa kadi ya grafiki, tumia tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kahawia inayopenyeza mwanga. Gundi ya selotepu hulainika kwa moto, kihisi kinabanduka, na namba inashuka taratibu ukidhani mambo yamekuwa mazuri. Miguu ya NTC isiyofunikwa ikigusa chuma inapiga shoti, nayo shoti kwenye NTC husomeka kama joto la kutisha. Waya ukikatika, kinyume chake, unasomewa baridi ya −40 au chini zaidi. Ukiona namba za ajabu kwenye programu, 127 au −60, chini ya jina kama AUXTIN, hizo ni pini za chipu ambazo hazijaunganishwa na chochote. Zifiche.

Mazabodi ikikosa pini, au vihisi vikizidi, tumia Arduino Nano. Kwa NTC, unganisha rezista ya omu 10,000 kutoka 5V hadi pini A0, NTC kutoka A0 hadi ardhi, na kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na NTC. Kapasita hiyo ndiyo inayotuliza namba zinazorukaruka waya wa kihisi ukipita ubavuni mwa waya wa feni. Kwenye nyuzi 25 usomaji utakuwa karibu 512 kati ya 1023.

Nguvu ya Arduino itoke kwenye plagi ya ndani ya USB 2.0 ya mazabodi: nyekundu 5V, nyeupe D−, kijani D+, nyeusi ardhi. Angalia pini iliyokosekana kwenye kona ya plagi kabla ya kuchomeka. Ukigeuza, 5V inakwenda kusikotakiwa na kitu kinakufa. Kosa lingine, ambalo hata mafundi wazuri hulifanya, ni kuchukua 5V ya rezista kwenye waya mwekundu wa Molex (plagi ya pini nne ya pawasapulai) wakati Arduino yenyewe inakula USB. Hizo 5V mbili hazilingani. USB inaweza kuwa 4.8 na Molex 5.1, na Arduino inapima kwa kulinganisha na ya kwake, hivyo joto linapotoka. Zaidi ya hapo, USB ikizimwa, umeme wa Molex unapenya kwa nyuma kupitia A0. Chanzo kiwe kimoja.

DS18B20 zote zikisoma 85 kamili, programu inasoma kabla kipimo hakijaisha au umeme unakatika kidogo: 85 ndiyo namba inayowaka nayo. Zikisoma −127, kwa maktaba ya kawaida ya Arduino, maana yake hakuna kihisi kinachojibu. Angalia rezista ya 4,700 kwanza, waya baadaye.

Skrini

Skrini ndogo ya OLED ya inchi 0.96 yenye chipu ya SSD1306 inatosha kwa namba tatu na inaendeshwa na Arduino hiyohiyo, hata Windows ikikwama. Waya zake za I2C, yaani za mawasiliano na Arduino, ziwe chini ya sentimita 30. Zikirefuka picha huganda feni zikibadili kasi. Maandishi yasikae sehemu moja, yasogeze pikseli chache kila dakika, la sivyo baada ya miezi yatabaki kama kivuli.

Skrini ya HDMI ya inchi 5 au 7 inapendeza zaidi, lakini Windows inaiona kama meza ya pili: mshale wa panya unapotelea huko na madirisha yanafungukia huko. Iweke kwenye kona ya mpangilio wa skrini, iguse ile kubwa kwa ncha tu. Ile ya inchi 3.5 ya USB haina shida hiyo, ila inachora polepole. Kwa joto, kusoma kila sekunde mbili kunatosha. Na tumia programu moja tu ya kusoma vihisi. HWiNFO, AIDA64 na programu ya taa za RGB zikigombania chipu moja, unapata namba za uongo zinazoruka kwa sekunde moja kisha kurudi.

Cha kuonyesha kwa maandishi makubwa ni tofauti: kutoka toa kuingia. Kwa kipimo cha kuanzia, safisha chujio, endesha mzigo uleule kwa dakika 20, andika tofauti na wati. Rudia kila mwezi. Ikipanda kwa zaidi ya nyuzi 3, chujio litoke. Hewa inayoingia nayo ikizidi ya chumba kwa nyuzi 3 au zaidi, kesi inameza joto lake yenyewe. Mara nyingi imesukumwa ukutani au imewekwa ndani ya kabati la meza.

Bodi nyingi huacha USB na umeme hata kompyuta ikizimwa, kwa hiyo skrini itawaka usiku kucha na wadudu wataikusanyikia kwenye kioo na kwenye wavu ulio chini yake. Ingia BIOS, washa ErP, kipengele kinachokata umeme huo mashine ikizimwa. Baada ya hapo huenda kibodi isiweze tena kuiamsha mashine. Kitufe cha kwenye kesi kitaendelea kufanya kazi.